Fungate ya mtu wa Mombasa: mji wa kale au ufuo? Nyinyi mlienda wapi?

#1 Kijana_wa_Kibokoni
Salaam nyote. Naoa Desemba inshallah, na tumekwama kwa jambo ambalo wenzangu wa bara hata hawalielewi. Watu wakioa hufunga safari waje kwetu: wapige picha ngomeni, wale viazi karai, waote jua Nyali. Sasa sisi tuliozaliwa humu twende wapi?

Mimi nataka Lamu. Milango ya kuchonga, hamna honi za tuktuk, jioni mwakaa barazani mwanywa kahawa. Mwenzangu yuwataka Diani, hoteli ya ufuoni, asiamke mpaka saa nne, akifungua pazia aone bahari. Nikamwambia bahari si waiona kila siku ukivuka daraja la Nyali? Akanijibu ile huiona akiwa amebanwa kwenye matatu, mkoba mapajani, haihesabiki.

Tuna siku 5 na elfu 80, nauli ndani yake. Mji au ufuo? Nipeni sababu. Msiniambie "muulize mkeo", nshamuuliza.

#2 Tuktuk_Makupa
Hongera beshte. Elfu 80 kwa Diani, tena Desemba? Utapata siku tatu. Hizo mbili zilizobaki mtalala Likoni mkingojea feri 😂

#3 Binti_Tudor
Mashallah, Mungu awakamilishie. Mimi nilipelekwa Lamu baada ya harusi yangu. Siku mbili za kwanza zilikuwa tamu mno. Twaamka kwa adhana, twatafuta mkate wa mofa, twaingia vichochoroni, na mume wangu yuwakagua kila mlango kama mtu atakaye kununua nyumba. Tukaenda ngomeni kwao, tukaenda makumbusho. Siku ya tatu nikamuuliza, haya, leo? Akasema twende tena ngomeni.

Ndugu yangu, mji ule ukiwa na haraka waumaliza asubuhi moja. Kilichotuokoa ni Shela. Kutoka mjini ni kama dakika 40 kwa miguu, au mwapanda mashua. Ufuo wake ni kilomita 12 hivi, waenda mpaka wachoka na hukutani na mtu. Ila kivuli hamna, hata mti mmoja! Nilirudi Tudor mweusi mpaka mamangu akauliza kama nilikwenda fungate au nilikwenda kuvua.

#4 Mkulima_wa_Thika
Niaje wazee. Mimi wa bara sielewi shida iko wapi. Si mko na mji wa kale hapo mlangoni? Fort Jesus ilijengwa 1498, kuna vyumba vya wageni kwa zile nyumba za zamani, bahari iko hapo chini. Chukua kimoja, nauli inabaki mfukoni.

#5 Nahodha_Mstaafu
Kijana wa Thika, 1498 ndio mwaka Vasco da Gama alipopita hapa akaona hapendwi, akaenda zake Malindi. Ngome walianza kuijenga 1593, ikesha 1596, na aliyeichora alikuwa Mtaliani, Cairati. Kama miaka 100 baadaye Waomani wakaizingira, tangu 1696 mpaka 1698.

Na kwa kuwa huu ni uzi wa harusi naongeza moja. Sisi wa umri wangu twaijua kwa jina la gereza, maana ilikuwa jela mpaka 1958. Kumpeleka mtoto wa watu fungate gerezani si dalili njema.

#6 Mkulima_wa_Thika
Asante mzee, nimesahihishwa. Lakini wazo langu liko palepale.

#7 Kijana_wa_Kibokoni
@Mkulima_wa_Thika wazo zuri kwako wewe. Mimi nikifungua mlango pale Ndia Kuu saa tatu asubuhi, wa kwanza kunikuta ni rafiki wa mamangu yuwatoka Marikiti na kikapu. Ataniuliza "mwanangu, mbona huku na si kwenu?" Kufika adhuhuri nyumba ya bi harusi wameambiwa tumegombana. Kufika alasiri kuna wazee wawili barazani wamekuja kutupatanisha.

#8 Tuktuk_Makupa
Na mmoja wao atakuwa amekuja na tuktuk yangu.

#9 Ukunda_Ndio_Kwetu
Nasoma huu uzi nanyamaza, lakini sasa nimeshindwa. Mwasema "mji wenye historia" upande mmoja na "Diani" upande wa pili, kana kwamba sisi Wadigo tuliota juzi pamoja na hoteli.

Hapo Diani penyewe, mto Mwachema uingiapo baharini, kuna msikiti wa Kongo, wa mawe, wa karne nyingi, umezungukwa na mibuyu na mpaka leo watu huswali ndani yake. Mtu akitoka hotelini aenda kwa miguu ufuoni mpaka afike. Mbele ya Diani kuna Kaya Kinondo, msitu wa wazee wetu, ni katika zile kaya za Mijikenda zilizoandikwa UNESCO mwaka 2008. Ukiingia wavishwa kaniki, wavuliwa kofia, hutoki hata na jani. Nendeni Shimoni muone mapango waliyofungiwa watumwa, kisha mvuke Wasini mle kaa, na siku ya pili mashua iwapeleke Kisite mkaone pomboo. Wasini hamna gari hata moja. Huyo anayetafuta mji usio na honi, aanzie huko.

Shida ni kwamba watu wa Mombasa mkija Diani mwaja kulala.

#10 Tuktuk_Makupa
Kwa fungate si ndio kazi yenyewe, kulala?

#11 Binti_Tudor
Haya! Kuna wazee humu.

#12 Ukunda_Ndio_Kwetu
😂 Astaghafirullah.

#13 Mkulima_wa_Thika
Mimi Diani nilienda na kampuni, mbega akaingia chumbani akaiba mkate na sukari yote.

#14 Ukunda_Ndio_Kwetu
Huyo hakuwa mbega, wamsingizia bure. Mbega ni yule mweusi mwenye manyoya meupe mabegani, yeye hula majani, mkate wako hana habari nao. Mwizi ni tumbili, au nyani ukiwa na bahati mbaya zaidi. Funga dirisha. Hii ndiyo nasaha ya kwanza ya fungate Diani, na hamtaiona kwenye tangazo lolote.

#15 Gede_Asilia
Kwani kati ya Mombasa na Lamu hakuna kitu? Watamu! Kilomita 100 na kidogo, mwapanda matatu ya Malindi mwashuka Gede, hapo tuktuk mpaka ufuoni. Asubuhi mwaingia magofu ya Gede, alasiri muko majini. Nyumba, misikiti, visima, jumba la mfalme, vyote ndani ya msitu, na mizizi imekumbatia kuta. Mji mzima ulihamwa karne ya 17, na mpaka leo kila mtu ana yake: wengine husema visima vilikauka, wengine ulivamiwa na Wagala, wengine na Wazimba, wengine Wareno waliharibu biashara. Babangu husema ni mashetani, na akiwa nao wageni kutoka Ulaya husema ni visima.

#16 Binti_Tudor
Babako nampenda tayari.

#17 Mlamu_wa_Kisauni
Gede ni magofu, hayana mtu ndani. Lamu ni mji hai. Ndiyo maana Lamu peke yake hapa pwani ndiyo iko UNESCO, tangu 2001.

#18 Gede_Asilia
"Peke yake"? Ukunda amekwisha kukutajia kaya hapo juu, 2008. Ngome ya Mombasa, 2011. Na Gede yenyewe iliingia 2024. Soma uzi kabla ya kujibu, ndugu.

#19 Mlamu_wa_Kisauni
Sawa, tulikuwa wa kwanza basi.

#20 Mama_wa_Likoni
Hamjambo wanangu. Mimi niseme la ufuo, maana mwausifu tu.

Nilipoolewa, mume wangu alijinyima miezi akatupeleka hoteli moja ya kusini, jina nalihifadhi. Kwenye picha bahari ilikuwa imefika mpaka kwenye viti. Tukafika kama saa tano asubuhi, nikaenda mbio kufungua pazia. Bahari hamna! Mchanga, majani ya bahari, vidimbwi, na wazee wawili watafuta pweza kule mbali kwenye mwamba. Mume wangu akashuka mapokezi kuwauliza wamepeleka wapi maji. Wallahi aliuliza hivyo hivyo. Yule kijana wa mapokezi akamjibu kwa adabu, "yatarudi jioni, bwana."

Na mimi ni mtoto wa Likoni! Lakini mtu wa Likoni maji huyaona kivukoni, na kivukoni hayendi popote.

#21 Nahodha_Mstaafu
Mama wa Likoni, hoteli haikuwadanganya, ni mwezi uliowadanganya. Mlikwenda wakati wa bamvua.

Nieleze, kwa sababu nimeona maharusi wengi wakiharibikiwa hapa. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, maji huwa bamvua: hujaa sana na hupwa sana, tofauti hupita mita 3. Pwani yetu hii, siku za bamvua maji hupwa kiasi cha saa nne, saa tano asubuhi, na hujaa kiasi cha saa kumi, kumi na moja jioni. Kila siku husogea mbele kiasi cha dakika 50. Baada ya wiki moja huja maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na kujaa kwake huwa ni asubuhi ile ile ya saa nne au tano.

Kwa hivyo bi harusi atakaye kuamka saa nne akute bahari dirishani, mpeleke wiki ya maji mafu. Atakaye kutembea mpaka mwambani kuokota makome, mpeleke bamvua. Mwezi wa Kiislamu waujua. Tarehe 1 na 15 ni bamvua, 8 na 22 ni mafu, na huchelewa siku moja mbili. Hakuna haja ya simu.

#22 Kijana_wa_Kibokoni
Mzee, hii peke yake yatosha kuanzisha uzi. Mimi nimezaliwa hatua mia kutoka baharini na sikuijua hesabu hii.

#23 Nahodha_Mstaafu
Najua hukuijua. Vijana wa Mji wa Kale mwaijua bahari kwa kuitazama kutoka Mama Ngina mkila mihogo ya kukaanga.

#24 Mkulima_wa_Thika
Swali la mjinga: si Desemba ni baridi huko kwenu? Mawimbi je?

#25 Gede_Asilia
Baridi! Desemba ni kaskazi, jua la kupasua kichwa, bahari safi. Usije Juni mpaka Agosti, hapo ni kusi, mawimbi makubwa. Na Malindi mvua zikinyesha bara, mto Sabaki huleta tope lenu lote la huko juu, maji huwa rangi ya chai ya maziwa. Kwa hivyo mawimbi yetu, uchafu wenu.

#26 Mkulima_wa_Thika
Pole, nitawaambia waache kulima.

#27 Kipepeo_wa_Unguja
Habari za humu wakuu. Nimeona mnabishana mji au ufuo, nikasema hawa hawajafika Zanzibar. Siku mbili Mji Mkongwe: milango mtakayo, Forodhani usiku, urojo, mishikaki ya pweza. Siku tatu Nungwi au Kendwa, maji hayakimbii mbali kama huko alikopelekwa mama wa Likoni. Msiende Paje kama mnataka kuogelea saa zote, Paje maji yakitoka unaweza kucheza mpira. Ndege kutoka Mombasa ni fupi sana, hamjamaliza soda.

#28 Tuktuk_Makupa
Hamjamaliza soda lakini mmemaliza elfu 80.

#29 Kipepeo_wa_Unguja
Basi pitieni Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, Dar, mpande boti.

#30 Binti_Tudor
Siku tano zote ziishie kwenye basi! Arudi hajamjua mkewe, amjua kondakta. Na lile jumba lenu la Beit al-Ajaib, la 1883, si liliporomoka upande mmoja mwisho wa 2020?

#31 Kipepeo_wa_Unguja
Kweli, liliporomoka. Lakini mji haukuporomoka, dada.

#32 Bibi_wa_Kuze
Wajukuu zangu, mjukuu wangu wa kike amenisomea haya yote na yeye ndiye aandikaye, mimi nasema.

Mwasema fungate, fungate, na hamjui ni nini. Fungate haikuwa safari. Bwana harusi aliingia kwa bi harusi, kwao mwanamke, akakaa ndani siku saba. Hatoki ila msikitini. Chakula chaletwa mlangoni: asubuhi mahamri na mbaazi, mchana pilau, usiku kuku wa kupaka na mkate wa sinia. Somo wa bi harusi, yule mwanamke amfundaye, ndiye ajuaye kilichopungua. Huna la kufanya ila kumtazama mwenzako mpaka umzoee. Mimi siku ya nne ndiyo nilimwona mume wangu yuwacheka.

Sasa nyinyi mwalipa elfu 80 ili mfungiwe chumba cha watu. Sisi tulifungiwa bure.

#33 Mkulima_wa_Thika
Shikamoo bibi. Kwa hivyo "fungate" ni kwa sababu mlifungiwa?

#34 Bibi_wa_Kuze
Marahaba. Ndiyo, mlango hufungwa.

#35 Gede_Asilia
Bibi, kwa heshima zote, hapo nakataa. Sisi Wagiriama tukihesabu twasema handahu, fungahe, nane. Fungahe ni saba! Fungate ni hiyo hiyo, ni siku saba, haina uhusiano na mlango.

#36 Nahodha_Mstaafu
Gede yuko karibu na ukweli. Kiswahili cha kale kilikuwa na fungate kwa saba, kisha hii "saba" ya Kiarabu ikaingia, fungate ikabaki kwenye harusi peke yake.

#37 Ukunda_Ndio_Kwetu
Sawa, lakini hiyo fungahe yenyewe yatoka wapi? Mtu akihesabu kwa vidole, akifika saba kuna vidole hufungwa. Kwa hivyo bibi naye yuko sawa, kufunga kumo ndani.

#38 Gede_Asilia
Hapo wajitungia.

#39 Ukunda_Ndio_Kwetu
Na wewe babako ana mashetani, mimi nimesema kitu?

#40 Tuktuk_Makupa
Mimi nadhani ni kwa sababu baada ya harusi pesa zimekwisha, maharusi wanafunga. Wanakula futari ya jirani.

#41 Bibi_wa_Kuze
Huyu wa tuktuk ni mtoto wa nani?

#42 Tuktuk_Makupa
Nisamehe bibi 🙏

#43 Mlamu_wa_Kisauni
Kijana wa Kibokoni, kwa hesabu ya siku saba wewe siku zako 5 hazitimii fungate. Hiyo ni safari tu.

#44 Binti_Tudor
Turudi kwa swali. Kuna kitu hakiniingii. Mtu aliyetaka bahari na kulala, Shela anavipata vyote viwili, na mume apata mji wake kwa mashua ya dakika chache. Kwa nini bi harusi akatae Lamu kabisa? Kijana wa Kibokoni, kuna kitu wakificha.

#45 Mkulima_wa_Thika
Labda ni safari. Nasikia basi ni siku nzima.

#46 Mlamu_wa_Kisauni
Ni zaidi ya kilomita 300, lakini siku hizi kutoka Garsen ni lami mpaka Mokowe, si kama zamani. Gari huondoka alfajiri, mchana mko gatini, mwapanda boti. Si hiyo.

#47 Gede_Asilia
Labda yuwaogopa punda.

#48 Kipepeo_wa_Unguja
Au ni picha. Bi harusi wa siku hizi akitoka fungate bila picha ya bembea na bahari nyuma, mashoga zake watadhani alikuwa mgonjwa.

#49 Mama_wa_Likoni
Mwanangu, mwanamke akisema nataka kulala mpaka saa nne, sikiliza hapo. Amechoka. Miezi mitatu yuwapimwa nguo, yuwahesabu wageni, mawifi wamlalamikia. Hataki mji kwa sababu mji utamtaka avae, atoke, aamkie watu.

#50 Kijana_wa_Kibokoni
Mama wa Likoni, umepiga karibu mno, acha niseme.

Lamu nina shangazi.

#51 Binti_Tudor
ALAA!

#52 Tuktuk_Makupa
😂😂😂 posti hamsini ndio watwambia!

#53 Kijana_wa_Kibokoni
Ni dada mkubwa wa babangu. Mimi nimelelewa mikononi mwake likizo zote za shule. Mamangu alimpigia mwezi uliopita, "mtoto yuwaoa, huenda akaja kutembea." Huenda tu! Sasa nasikia ameanza kutengeneza chumba cha juu, na amewaambia majirani. Bi harusi wangu akaniambia, "mimi si kwamba sipendi milango. Mimi sitaki kuamka asubuhi ya pili ya ndoa yangu nikashuke ngazi nimsaidie shangazi yako kukuna nazi." Nikamwambia hatakukunisha. Akasema, "hatanikunisha, ataniambia kaa, na mimi nitaona haya nitakuna."

#54 Mama_wa_Likoni
Msichana ana akili. Muoe upesi.

#55 Bibi_wa_Kuze
Kufika Lamu ukalala hotelini na shangazi yako yuhai ni kumvunjia heshima mbele ya mtaa. Kakae kwake siku mbili, kisha muage muende Shela. Mkono mtupu usiende.

#56 Binti_Tudor
Bibi, siku mbili za shangazi huwa nne. Ya tatu atasema "kesho nawapikia wali wa samaki", ya nne jirani amewaalika. Mimi nimeolewa, najua.

#57 Ukunda_Ndio_Kwetu
Mimi sikusema kitu. Nawakumbusha tu kwamba Ukunda huna shangazi.

#58 Kijana_wa_Kibokoni
Ukunda kuna shemeji yangu, fundi wa mabwawa ya kuogelea, hoteli tatu za Diani zampa kazi. Sijui ipi ataipata wiki hiyo.

#59 Tuktuk_Makupa
Picha hii naiona: mmekaa kwenye viti vya kamba, jua lazama, shemeji atokea bwawani na wavu mkononi. "Hamjambo!"

#60 Mlamu_wa_Kisauni
Kuna njia. Pandeni ndege ndogo kutoka Moi mpaka Manda, hapo kiwanjani mwachukua mashua moja kwa moja hadi Shela, mji hamuukanyagi. Mnakaa siku zenu, siku ya mwisho mwamtembelea shangazi kama mmefika asubuhi ile.

#61 Nahodha_Mstaafu
Mlamu, waishi Kisauni siku nyingi umesahau kwenu. Mashua ya Manda ni ya nani? Mwenye mashua ataswali wapi magharibi? Lamu mtu akishuka gatini, kabla hajapanda ngazi mji washajua yuwatoka wapi na amebeba nini.

Na wewe Kijana wa Kibokoni. Kibokoni, wataka kuoa Desemba, shangazi mkubwa Lamu, shemeji fundi wa mabwawa. Mimi nakaa nyuma ya msikiti wa Mandhry. Nadhani kadi ya harusi yako iko hapa juu ya kabati langu.

#62 Kijana_wa_Kibokoni
Ami??

#63 Nahodha_Mstaafu
Mimi. Usijali, simwambii mtu. Lakini nimeangalia mwezi: hizo siku zenu zaangukia bamvua. Ukimpeleka Diani, saa nne asubuhi atafungua pazia aone wavua pweza.

#64 Binti_Tudor
Nimekaa sakafuni nacheka, wanangu wananitazama.

#65 Gede_Asilia
Watamu bado ipo. Watamu hamna ami, hamna shangazi, hamna shemeji. Nawaambia tangu posti ya 15.

#66 Kijana_wa_Kibokoni
Gede, babako aongoza wageni magofuni?

#67 Gede_Asilia
Ndiyo, mbona?

#68 Kijana_wa_Kibokoni
Basi tayari kuna mmoja anijuaye.

#69 Mkulima_wa_Thika
Njooni Thika. Kwa roho safi nasema. Hakuna bahari, hakuna ngome, kuna mananasi na maporomoko, na hakuna mtu hata mmoja wa Kuze.

#70 Bibi_wa_Kuze
Thika nina mjukuu, kaolewa huko.

#71 Kijana_wa_Kibokoni
Nimemsomea mwenzangu uzi wote kwa simu, isipokuwa ya bajeti. Kacheka ya shemeji, kanyamaza kwa ya Nahodha. Sasa yuwauliza Wasini kama kuna pa kulala, na kama pweza wa huko hupikwa kwa nazi. Mimi bado nataka milango. Nawashukuru nyote, ntarudi na jibu.

#72 Ukunda_Ndio_Kwetu
Pa kulala papo, vyumba vichache vya wenyeji, si hoteli kubwa. Pweza hupikwa kwa nazi. Nani atakayekuna sijui.

#73 Mwana_wa_Amu
Salaam aleikum, nimejiunga leo. Huyo shangazi wa posti ya 53 yuko Langoni au Mkomani? Nauliza tu, jirani yetu yuwapaka chokaa chumba cha juu tangu wiki jana na hatwambii mgeni ni nani.